Waigizaji Chipukizi, Msomeni Virginia Gregg

Kila ninapopokea kundi jipya la vijana wanaotaka kuigiza, iwe katika michezo ya redio, tamthilia za runinga au kazi ya kuingiza sauti za Kiswahili katika tamthilia za kigeni, huwauliza wanamfuata nani katika sanaa hii, na majibu yao huwa ni majina ya nyota. Sina ugomvi na nyota. Hata hivyo, anayeanza kazi hii atafaidika zaidi akimsoma mwigizaji ambaye jina lake halikuandikwa kwa herufi kubwa kwenye mabango lakini aliitwa kazini mwaka baada ya mwaka hadi uzeeni, kwa kuwa hiyo ndiyo hali itakayowakuta wengi wenu mkibahatika. Mimi huwapa jina la Virginia Gregg, Mmarekani aliyefariki mwaka 1986, na hadi leo sijapata mwanafunzi aliyewahi kulisikia kabla ya siku hiyo, ingawa baadhi yao walishaisikia sauti yake bila kujua ni ya nani.

Gregg alizaliwa tarehe 6 Machi 1916 katika mji wa Harrisburg, jimbo la Illinois, akakulia Pasadena, California, si mbali na Hollywood. Hakuanza na uigizaji bali na muziki. Alipiga besi kubwa ya nyuzi, ile inayopigwa mtu akiwa amesimama, na kundi lao lililoitwa Singing Strings lilisikika redioni. Huko redioni ndiko alikoingilia katika michezo ya kuigiza. Ninaitaja besi kwa sababu mpiga besi hukaa nyuma akiwabebea wenzake mapigo, na ukisikiliza rekodi za Gregg utaitambua tabia hiyohiyo: hamvamii anayezungumza naye, humwachia amalize, kisha huingia palepale panapotakiwa bila kuchelewa hata kidogo. Vijana wengi wanaokuja kwangu wana sauti nzuri, lakini wanaisikiliza sauti yao wenyewe badala ya kumsikiliza mwenzao, na jambo hilo husikika mara moja.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa miongoni mwa sauti zilizotumika sana katika michezo ya redio iliyotengenezwa Los Angeles. Katika Richard Diamond, Private Detective alikuwa Helen Asher, mpenzi tajiri wa mpelelezi aliyeigizwa na Dick Powell. Katika Let George Do It alikuwa Brooksie, msaidizi wa mpelelezi mwenye majibu ya haraka. Na katika Dragnet, mfululizo wa hadithi za polisi wa Jack Webb, aliyekuwa mtayarishaji na mwigizaji wake mkuu, ulioanza kurushwa mwaka 1949, alipewa wanawake wa kila namna, kila mmoja na huzuni yake au hila yake. Redio ya wakati ule haikuwa na subira. Mazoezi yalikuwa mafupi, mara nyingi ya siku ileile ya kipindi, na mwigizaji mmoja aliweza kubebeshwa wahusika wawili katika mchezo mmoja, kwa hiyo aliyeajiriwa tena ni yule aliyeweza kumpata mhusika wake kati ya kusoma mara ya kwanza na taa nyekundu kuwaka.

Lipo jambo moja katika kazi zake ambalo sitaki mliige. Have Gun – Will Travel ilipotengenezwa kwa ajili ya redio, kuanzia 1958 hadi 1960, Gregg alimwigiza Miss Wong, mwanamke wa Kichina, kwa lafudhi ya kubuni. Hiyo ilikuwa desturi ya wakati huo, na ilikuwa desturi mbaya, kwa maana waigizaji wa asili ya Kichina walikuwapo na ndio waliokoseshwa kazi. Kwetu nako bado wapo wanaodhani kwamba kumwigiza Mhindi au Mmasai ni kukivunjavunja Kiswahili tu mpaka wasikilizaji wacheke. Ukipewa mhusika wa namna hiyo, kaa kwanza na watu wanaozungumza hivyo kweli, na ukiona huwezi kumtendea haki, sema kazi hiyo apewe mwingine.

Televisheni ilipoenea, ilizichukua hadithi za redio na kuwaacha wengi wa wenye sauti. Mfano unaojulikana zaidi ni Gunsmoke, mfululizo wa hadithi za Marekani ya Magharibi ya zamani: kwa redio, kuanzia 1952, askari mkuu alikuwa William Conrad, mwenye sauti nzito isiyo na mfano, lakini kipindi kilipoingia katika televisheni mwaka 1955 nafasi hiyo alipewa James Arness, mtu mrefu wa umbo lililopendeza mbele ya kamera, na wahusika wengine wakuu nao walipewa watu wapya. Mwaka 1962, tarehe 30 Septemba, kampuni ya utangazaji ya CBS ilirusha michezo yake ya mwisho iliyobaki kutoka zama hizo, na kwa waliozoea kuishi kwa kipaza sauti pekee ule ulikuwa mwisho wa riziki. Gregg alikuwa amekwisha kuvuka, kwa sababu hakungoja kupewa katika televisheni nafasi kubwa aliyokuwa nayo redioni. Alikubali kuwa muuguzi, jirani, mjane au mwalimu wa sehemu moja tu ya Perry Mason, ya Gunsmoke au ya Alfred Hitchcock Presents, akaja, akaifanya vizuri, akaondoka. Orodha ya kazi hizo ni ndefu kiasi cha kuchosha kuisoma, na kwangu mimi urefu huo ndio sifa yake kubwa. Hakuna mtayarishaji anayemwita tena mtu aliyemchelewesha siku ya kwanza.

Aliyemwita mara nyingi kuliko wote ni Jack Webb. Dragnet ilipohamia katika televisheni, Webb aliendelea kuwatumia watu aliowajua tangu redioni, na katika filamu ya Dragnet ya mwaka 1954 Gregg ndiye Ethel Starkie, mjane wa mtu aliyeuawa. Kipindi kilipofufuliwa mwaka 1967 hadi 1970 alirudi zaidi ya mara kumi, kila mara akiwa mtu mwingine, na watazamaji hawakulalamika. Webb alikuwa na utaratibu ambao waigizaji wa jukwaani waliuchukia: hakutaka watu wakariri maneno, bali aliyaweka kwenye mashine inayopitisha maandishi mbele ya macho yao, wakayasoma papo hapo kamera ikizunguka, ili wasipate muda wa kuyapamba. Wengi waliosoma hivyo walisikika kama watu wanaosoma. Gregg alisikika kama mtu anayekumbuka jambo, kwa kuwa miaka ya redio ilikuwa imemfundisha macho kutangulia mdomo kwa maneno matatu au manne, na pumzi kuchukuliwa mahali ambapo wazo linageuka, hata kama hapana mkato.

Somo hili linatuhusu moja kwa moja. Katika chumba cha kuingiza sauti mara nyingi mtapewa skripti mkiwa mmeshasimama mbele ya maiki, na sentensi ya Kiswahili huwa ndefu kuliko mdomo wa mwigizaji wa kigeni anayeonekana kwenye skrini. Anayeanza hukimbiza maneno ili awahi mdomo kufungwa, na mhusika aliyefiwa anasikika kama mtangazaji wa mpira. Dawa yake ni kupitisha macho hadi mwisho wa sentensi kabla ya kufungua mdomo, kuliamua neno moja litakalobeba uzito, na kuyaacha mengine yapite kwa wepesi. Fanyeni zoezi hilo nyumbani kwa gazeti lolote, mkisoma kwa sauti habari ambayo hamjaipitia, kila siku, hadi anayewasikiliza kutoka chumba cha pili ashindwe kujua kama mnasoma au mnazungumza.

Sasa niseme juu ya kazi yake iliyosikika na watu wengi kuliko zote, ambayo haina jina lake. Katika filamu ya Psycho ya mwaka 1960, Alfred Hitchcock alihitaji sauti ya mama ambaye mtazamaji hapaswi kutambua mapema kwamba hayupo. Alirekodi watu watatu, yaani kijana Paul Jasmin, Jeanette Nolan na Gregg, kisha vipande vya sauti zao vikakatwa na kuunganishwa, wakati mwingine ndani ya maneno ya tukio moja, ili sikio lisipate mahali pa kutulia. Maneno ya mwisho, yale yanayosikika Norman, mwana wa mama huyo, akiwa ameketi peke yake na blanketi mabegani, kwa maelezo ya Jasmin mwenyewe ni ya mwanamke, na sehemu kubwa ni ya Gregg. Alikuwa na miaka isiyozidi 44. Sikilizeni jinsi anavyoyasema: hapandishi sauti, hatishi, anajitetea kwa upole kama bibi anayeulizwa kuhusu kikombe kilichovunjika, na upole huo ndio unaomtia mtu baridi.

Majina ya watatu hao hayakuwekwa kwenye filamu, na sababu inaeleweka, kwani kuyaweka kungefichua siri yote. Lakini ninyi msikubali kazi ya sauti isiyo na jina kabla ya kuuliza jina litaandikwa wapi, na kama haliandikwi, ni kwa sababu gani na kwa malipo gani. Mwezi Machi mwaka huohuo wa 1960 chama cha waigizaji wa filamu cha Marekani kiligoma kwa sababu filamu zilikuwa zikiuzwa kwa televisheni bila waliocheza ndani yake kupata chochote, na mgomo ule ndio uliowapatia mgawo kwa filamu zilizofuata pamoja na mfuko wa pensheni na matibabu. Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inamtambua mwigizaji kuwa na haki katika onyesho lake, lakini wengi wetu bado tunarekodi kwa makubaliano ya mdomo na posho ya siku, halafu tunashangaa kazi ileile inaporudiwa katika kituo kingine. Karatasi moja yenye tarehe, idadi ya sehemu, malipo na sahihi za pande mbili inatosha kuanzia.

Kwa upande wa sura, Gregg hakushindana na wasichana. Katika Operation Petticoat ya mwaka 1959, filamu ya vichekesho ya Cary Grant na Tony Curtis, yeye ni Meja Edna Heywood, mkubwa wa wauguzi waliookolewa na nyambizi, ambaye huingia chumba cha injini kisichotaka mwanamke na kuirekebisha mashine kwa vazi lake la ndani la kubana kiuno lililotumika badala ya springi. Kichekesho hicho kingeharibika kama angekicheka yeye mwenyewe. Anakifanya kwa uso wa fundi mwenye haraka, na kicheko anatuachia sisi.

Kazi yake ninayoirudia kuionyesha darasani ni The Masks, sehemu ya The Twilight Zone, mfululizo wa televisheni wa hadithi za ajabu, ya mwaka 1964 iliyoongozwa na Ida Lupino, mwanamke pekee aliyeongoza sehemu yoyote ya mfululizo ule wa awali. Tajiri anayekaribia kufa huko New Orleans anawalazimisha jamaa zake wavae vinyago vibaya hadi saa sita usiku, ama wakose urithi. Gregg ni Emily, binti yake, mtu wa kulalamikia maradhi yasiyoisha. Uso wake ukifunikwa, tunabaki na sauti, mabega na vidole. Huwaonyesha wanafunzi kipande hicho mara ya kwanza bila sauti, mara ya pili kwa sauti tu wakiwa wamegeukia ukutani, kisha vyote pamoja, na huwataka waandike ni wakati gani Emily anaacha kumwogopa baba yake na kuanza kuhesabu mali. Majibu hutofautiana, na ubishi unaofuata hufundisha kuliko mimi.

Mwaka 1967 alikuwa pia sauti ya Tara katika katuni za The Herculoids, na miaka zaidi ya ishirini baada ya kurekodi maneno yale ya blanketi aliitwa tena kuwa sauti ya mama katika Psycho II ya 1983 na Psycho III ya 1986. Filamu hiyo ya mwisho ilitoka katikati ya mwaka. Yeye alifariki tarehe 15 Septemba, kwa saratani ya mapafu. Rekodi za Richard Diamond ni rahisi kuzipata mtandaoni, na wanaojiunga na kundi lijalo waje wakiwa wamesikiliza angalau vipindi viwili, pamoja na kuitazama The Masks hadi mwisho.