Barua kwa mwanangu: Wakisema "chotto" wakanyamaza

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikimsomea mama yako kwa sauti. Alicheka uliposema unakunywa chai bila sukari, ila swali lako halikumchekesha. Unasema bango la tamasha la mtaa unalolichora kwenye mafunzo yako huko Kyoto limerudi mara tatu. Kila mara bosi anavuta pumzi kwenye meno, anasema "chotto…", basi. Unauliza kama kazi ni mbaya wanaona haya kukwambia, na kama uache ya kwetu ufuate yao.

Hiyo "chotto" maana yake ni "kidogo", lakini sentensi ikikatikia hapo ujue umekataliwa. Na wewe usijifanye mgeni wa mambo hayo, umekulia Tanga. Jirani yetu alipokujibu "tutaona, inshallah" ulipomwomba baiskeli, ulikaa mlangoni kusubiri? Ulielewa, ukaenda zako kwa miguu.

Mimi sikuelewa. Mwaka 1994, nilipokuwa Osaka kwa miezi sita nikijifunza mashine za kuchapa za ofseti, Desemba tulipewa kazi ya kadi za mwaka mpya, zile wanazoziita nengajo. Nikapanga majina ya watumaji kwa rangi nyekundu. Nilijua nyekundu ni ya sherehe, hata bendera yao ina duara jekundu. Msimamizi akatazama, akasema "naruhodo", yaani "aa, nimeelewa", akaondoka. Nikalala usingizi mnono. Asubuhi nikakuta kadi zote zimechapwa upya, majina meusi, na hakuna aliyenitazama usoni. Ilipita wiki nzima ndipo mzee niliyekuwa nasafisha naye rola aliponiambia, tukila tambi: jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa nyekundu, ni nuksi. Kosa lenyewe nililisahau. Ile wiki ya kununa bila kuuliza ndiyo inayonikera mpaka leo.

Kwa hiyo uliza, ila usiulize "Je, ni nzuri?" Watakwambia ni nzuri. Peleka michoro mitatu ya penseli uulize upi unakaribia. Weka kidole mahali pamoja: herufi hizi, zitasomeka kutoka ng'ambo ya barabara? Wana neno lao, horenso, walilolifupisha kutoka maneno matatu: kutoa ripoti, kuarifu, kuomba ushauri. Linatamkwa sawasawa na jina la mboga yao inayofanana na mchicha, ndiyo maana halisahauliki. Mwanafunzi hategemewi kuja na kazi iliyokamilika. Kwenye karakana yangu hapa, kijana akinionyesha kazi nusu namwona mvivu. Huko, ukijifungia siku nne ukaibuka na bango zima, wewe ndiye uliyewakosea.

Sasa hilo la kwetu na kwao. Nimelitazama bango ulilonitumia. Tafuta lile la mchoraji wao Yusaku Kamekura la Olimpiki ya 1964: duara kubwa jekundu, pete tano za dhahabu, chini yake TOKYO 1964, kwingine kote nyeupe. Mara ya kwanza nilidhani jamaa kalipwa kwa kuacha karatasi tupu. Lakini ile nyeupe inafanya kazi. Ifunike kwa mkono uone duara linavyopungua nguvu. Hata hivyo usije ukaamini kwamba Mjapani anapenda utupu tu. Chukua kipeperushi cha supamaketi yoyote huko, kimejaa kuliko Kariakoo mkesha wa Idi.

Kwa hiyo kosa lako silo la Utanga. Khanga ina pindo, ina mji, ina jina. Jina limekaa peke yake kwenye kisanduku chake, ndiyo maana mtu akipita mbele yako unalisoma kabla hujamjua ni nani. Wewe umechukua pindo ukalitandaza karatasi nzima, tarehe ya tamasha ukaibana pembeni kama deni. Marehemu bibi yako naye angekurudishia, tena yeye asingesema "kidogo".

Kuhusu kubaki ofisini hadi saa nne usiku kwa kuwa bosi hajanyanyuka: muda wako ukiisha, sema "osaki ni shitsurei shimasu", yaani "samahani, natangulia kuondoka", inamisha kichwa, ondoka. Wakikununia siku mbili, sawa.

Halafu, mama yako ameshusha ile doti ya bibi kutoka juu ya kabati. Imechapwa hukohuko Japani. Miaka ya 1950 na 1960 viwanda vyao vilichapa khanga nyingi za pwani yetu, majina ya Kiswahili yakipita mikononi mwa watu wasioweza kuyasoma. Nimeipiga picha, pindo na jina, nakutumia leo jioni. Mwonyeshe bosi wako, umuulize yeye angeigusa wapi.

Baba yako