Hati ya makubaliano imesainiwa, mbona mazao bado yanazuiwa mpakani?

Ndugu, umeuliza kwa nini shehena zinarudishwa ilhali mawaziri wa kilimo wa nchi zote mbili wameshasaini. Hati ya makubaliano kwa kawaida huonyesha nia tu. Kinachofungua soko ni masharti ya afya ya mimea yanayokubaliwa kwa kila zao, na hapo ndipo miaka inapoteketea.

Nchi inayouza hupeleka orodha ya wadudu na magonjwa ya zao husika. Inayonunua hufanya tathmini ya hatari, kisha hutaja masharti: ufukizaji (kuua wadudu kwa gesi), ukaguzi shambani, au mazao yatoke eneo lisilo na mdudu fulani. Orodha ikiwa ya zamani au haina ushahidi wa maabara, faili linarudi. (Hotuba za viongozi hazisaidii kitu hapo.)

Mkataba wa SPS wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), unaohusu hatua za kulinda afya ya watu, wanyama na mimea na unaotumika tangu 1995, unataka masharti hayo yawe na msingi wa kisayansi, hivyo serikali yenu inaweza kudai maelezo.

Kosa dogo linalogharimu sana: cheti cha afya ya mimea kukosa tamko la ziada (kwa mfano, kwamba mzigo hauna mdudu fulani) lililotajwa kwenye kibali cha kuingiza mazao. Linganisheni karatasi hizo mbili kabla lori halijapakiwa.