Weusi wa shingoni hautoki hata nikimsugua

SWALI: Shikamoo daktari. Nina kijana wangu ana miaka 11, kilo 52, urefu sentimita 140. Tangu mwaka jana shingo imekuwa nyeusi kwa nyuma na kwapani pia, namsugua na dodoki mpaka analia lakini haitoki, shuleni wenzake wanamwita mchafu. Bibi yake anasema mtoto amenawiri tu nimwache. Juzi nikampeleka maabara ya mtaani asubuhi kabla hajala, sukari ikaja 5.9, wakasema hana kisukari turudi nyumbani. Ila moyo wangu haujatulia kabisa. – Mama wa Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mama. Kwanza acha kumsugua, leo leo. Ule sio uchafu. Ngozi ikiwa nyeusi, nene kidogo, ukiishika laini kama mahameli, tena iko shingoni na kwapani kwa mtoto mnene, mara nyingi ni insulini, ile homoni inayoshusha sukari, imezidi mwilini. Mwambie na yeye mwenyewe kwamba sio mchafu, na mwalimu wake umwambie pia, maana hiyo kejeli inamuumiza mtoto kuliko unavyodhani.

Inakuwaje? Mafuta yakijaa tumboni na kwenye ini, mwili unaanza kuwa mgumu kuisikia insulini, kwahiyo kongosho linatoa nyingi zaidi na zaidi ili sukari ikae sawa, na insulini hiyo nyingi ndio inaichochea ngozi ya shingo. Haiishii hapo. Inafanya figo zishikilie chumvi presha ipande, ini nalo linamwaga mafuta yanayoitwa trigliseridi kwenye damu, na ile kolesteroli nzuri, HDL, inashuka. Ndio maana mtoto anaweza kuwa na sukari inayoonekana sio mbaya kumbe mengine yote yameshaanza kuharibika kimyakimya.

Sasa hiyo 5.9. Ni kweli hana kisukari, maana kisukari ni kuanzia 7.0 kabla ya kula. Lakini kwa vigezo vya Marekani 5.6 mpaka 6.9 tayari ni dalili ya hatari, Shirika la Afya Duniani (WHO) wao wanaanzia 6.1. Kwahiyo "rudini nyumbani" mimi sikubaliani nayo. Kama walitoboa kidole, irudiwe kwa damu ya mshipa, pamoja na HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita.

Usiku wa leo chukua futi ya fundi cherehani, mpime kiuno katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, akishatoa pumzi. Kiuno kisifike nusu ya urefu, kwa mwanao nusu ni sentimita 70. Ikizidi hapo mafuta yako tumboni, na hayo ndio mabaya. Halafu mpeleke kwa daktari wa watoto, umwambie unataka presha, mafuta ya damu akiwa hajala, na kipimo cha ini kinachoitwa ALT. Kwenye presha uwe macho: mkanda uendane na mkono wake, ukiwa mdogo unaonyesha presha kubwa ya uongo, na mtoto chini ya miaka 13 anasomwa kwa jedwali la umri, jinsia na urefu, sio kwa ile 120/80 ya watu wazima. Ikiwa juu, irudiwe siku nyingine kabla hajaambiwa ana presha. Sema pia kama anakoroma usiku au pumzi inakatika akilala. Na akianza kukojoa sana, kiu haiishi, anapungua bila sababu, hiyo hospitali siku hiyohiyo.

Bibi mwambie kwa heshima kwamba huku sio kunawiri. Kule Bogalusa, Louisiana, walichunguza mishipa ya vijana na watoto waliofariki, wengi kwa ajali, wakakuta mafuta yameshaanza kuganda, na kadri mtu alivyokuwa na vihatarishi vingi, kama unene, presha na mafuta ya damu, ndivyo mishipa ilivyokuwa mibaya. Lakini kuna habari nzuri mama, na ndio sababu nakuandikia kirefu hivi: utafiti wa 2011 uliofuatilia watoto wa Marekani, Finland na Australia mpaka ukubwani ulionyesha waliokuwa wanene utotoni halafu wakaacha kuwa wanene walipokua, hatari yao ya kisukari na presha ilikuwa karibu sawa na wasiowahi kunenepa.

Usimnyime chakula wala usimpe chai za kupunguza mwili, bado anakua. Mara nyingi inatosha uzito usimame wakati urefu unaongezeka. Anza na vinywaji, soda moja ya mililita 300 ina sukari zaidi ya gramu 30, kama vijiko 7 vya chai, na juisi za boksi hazina unafuu wowote. Nyumba nzima muache, sio yeye peke yake anaangalia wenzake wanakunywa. Chipsi ziwe za siku moja moja, na tuisheni ya jioni ipunguzwe apate dakika 60 za kukimbia na mpira kila siku. Ile shingo nayo itaanza kurudi rangi yake taratibu kadri insulini inavyoshuka, inachukua miezi, usikate tamaa. Majibu yakitoka niandikie tena na namba zote.