Nimechanganya soya na mahindi, mbona mahindi bado ya njano?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Niko huku Songea, msimu huu nimepanda soya katikati ya mahindi maana niliambiwa soya inaleta mbolea yenyewe, nikanunua na ile paketi ya unga mweusi wa bakteria nikachanganya na mbegu, ila majani ya chini ya mahindi yanakuwa ya njano tu kama ya jirani ambaye hajachanganya kitu. Nimepigwa au?

JIBU: Marahaba. Usimlaumu mwenye duka kwanza. Soya ikianza kutoa maua chukua jembe uchimbe mashina matatu manne, usivute kwa mkono maana vinundu, vile vivimbe vidogo kwenye mizizi wanamokaa bakteria, vitabaki ardhini. Pasua kinundu kwa kucha. Ndani kukiwa na rangi ya pinki au wekundu kama wa damu, bakteria wako kazini wanakamata nitrojeni ya hewani, ndiyo ile mbolea uliyoambiwa. Kikiwa kijani kimechoka, na kama mizizi haina vinundu kabisa basi huenda walikufa mapema, wale ni viumbe hai, paketi ikipigwa jua dukani au nyuma ya bodaboda imekwisha hiyo, na mbegu yenye dawa ya fangasi nayo inaweza kuwaua. Siku nyingine changanyia kivulini kwa maji ya sukari kidogo unga ushike, upande siku hiyohiyo udongo ukiwa na unyevu. Kunde na karanga hujipatia bakteria wa kienyeji, soya ndo inachagua.

Ila hapa ndo watu wengi wanadanganyana: hata vinundu viwe pinki, mahindi hayanufaiki sana msimu huuhuu. Nitrojeni soya inaitumia yenyewe, nyingi inaishia kwenye punje unazovuna, mahindi yatapata kile kitakachooza, yaani majani na mizizi, mwakani. Kwa hiyo usichome masalia. Kwa sasa yape mahindi urea yake, karibu na shina lake na uifukie, usiimwagie soya, ikishiba urea haihangaiki tena na vinundu.

Na fosforasi, kile kirutubisho kingine, je? Bila hiyo vinundu vinadumaa, na udongo mwekundu unaing'ang'ania. Weka mbolea ya fosforasi kama TSP au DAP wakati wa kupanda. Mi ningekuwa wewe mwakani ningejaribu na mbaazi, mizizi yake inatoa asidi inayofungua fosforasi iliyoshikwa na chuma cha udongo huo, halafu inakua polepole mwanzoni haigombani na mahindi.

Chimba hiyo soya kwanza, uniambie umekuta rangi gani.