Nyanya Zinazooza Agosti na Mchicha Usioota Aprili

Maswali ya wasomaji kuhusu bustani

SWALI: Hamjambo wahariri. Nina miaka 52, na tangu watoto wahame nyumbani starehe yangu ni bustani ya kukodi ya chama, ile Wajerumani wanayoiita Kleingarten. Kila mwaka nyanya zangu zinastawi hadi mwisho wa Julai, halafu ndani ya wiki moja majani yanakuwa kahawia kama yameunguzwa na matunda yanaoza kabla hayajaiva. Nimepuliza maji ya sabuni, wapi! Jirani anasema udongo wangu umechoka. Ni kweli?
*Mama, Leipzig*

JIBU: Hapana dada, udongo wako hauna kosa. Huo ni ugonjwa wa bakajani, na kimelea chake, Phytophthora infestans, ndicho kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Huja kwa upepo, mara nyingi kikitokea kwenye viazi vya jirani, na hakiwezi kuingia kwenye jani kavu. Kinataka jani lililokaa na maji kwa saa kadhaa. Agosti usiku unazidi kurefuka, umande unakawia kukauka, na mvua za kiangazi zinamalizia kazi. Sabuni huua vidukari; kwa bakajani haifanyi kitu.

Kwanza hakikisha ndiyo yenyewe. Asubuhi, kabla jua halijakausha umande, geuza jani lenye doa. Upande wa chini, kwenye ukingo wa doa, utaona utando mweupe mwembamba kama unga uliopeperushwa. Shina linakuwa na mabaka meusi, na tunda linapata doa la kahawia lililo gumu ukilibonyeza. Lakini kama majani ni kijani safi na tunda limeoza kitakoni tu, jambo ni lingine kabisa. Hapo mmea umeshindwa kufikisha kalsiamu kwenye ncha ya tunda kwa sababu unamwagilia leo sana, kesho husogei. Tengeneza ratiba ya maji na matunda yanayofuata yatakuwa salama. Kuzika maganda ya mayai ili kuongeza kalsiamu hakutaokoa msimu huo, maana yanachelewa mno kuoza.

Dawa kubwa ya bakajani ni paa. Simamisha nguzo 4, tandika juu karatasi ya plastiki angavu, na uache pande wazi ili upepo upite. Ukizifunga, unyevu unabaki ndani na umerudi ulikoanzia. Ulizia kwanza kanuni za chama chenu, maana vingine vinaweka kikomo cha ukubwa wa kibanda cha nyanya. Panda kwa nafasi ya sentimita 60, shina moja kwa kila mche. Machipukizi ya kwenye makwapa ya majani yakatwe yakiwa na urefu wa kidole, asubuhi ya siku kavu, ili kidonda kifunge kabla ya jioni. Ondoa majani yote ya chini hadi kiasi cha sentimita 30 kutoka ardhini, na maji yaende kwenye shina, kamwe yasiguse majani. Usipande nyanya kando ya viazi.

Mbegu ziatikwe ndani ya nyumba katikati ya Machi, na miche isitoke nje kabla ya tarehe 15 Mei, siku ambayo wenyeji huiita Sophie wa Baridi. Huo si ushirikina. Jalidi ya usiku mmoja tu wa Mei inaweza kuua miche yote. Katika kuchagua mbegu, tafuta aina zinazostahimili bakajani, kama Primabella au Philovita. Mwanzoni mwa Agosti kata kilele cha kila mche, kwa kuwa ua linalochanua baada ya hapo halitafika kuiva.

Ugonjwa ukishaingia, usipoteze siku. Toa majani yenye madoa na uyatie kwenye pipa la takataka, si kwenye lundo la mboji, kwani lundo la nyumbani halipati joto la kutosha kukiua kimelea. Chuma matunda mazima yaliyoanza kupauka, yapange kwenye boksi pamoja na tufaha lililoiva, uyaweke penye joto la nyuzi 18 hadi 20. Yataiva hata gizani. Dawa za shaba zinakinga tu, hazitibu, na shaba hubaki udongoni ikadhuru nyungunyungu. Kwa bustani ya kulisha familia, sisi hatuzipendekezi.

SWALI: Nilipanda mchicha mwezi wa nne, haukuota hata mmoja. Mbegu zilitoka nyumbani, mama alinifungia kwenye karatasi. Je, zilikuwa mbovu?
*Msomaji, Hamburg*

JIBU: Huenda mbegu zilikuwa nzima, ila udongo ulikuwa baridi. Mchicha hautaki kusikia chini ya nyuzi 15 za udongo, na Aprili ya Hamburg haifiki huko. Nyumbani tumezoea kusubiri mvua; huku mvua ipo muda wote, kinachosubiriwa ni joto. Panda mwisho wa Mei au Juni. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na konzi mbili za mchanga mkavu ili zisirundikane, nyunyiza kwenye mfereji usiozidi kina cha sentimita 1, gandamiza kwa kiganja, na usiache udongo wa juu ukauke hadi uote. Miche ikifika kidole, punguza ibaki nafasi ya sentimita 15. Iliyong'olewa usiitupe, hiyo ndiyo mboga ya kwanza. Ikifika sentimita 25, kata ukiacha shina la sentimita 10 lenye majani machache, nalo litachipua tena. Mchicha uliosongamana na kupata kiu hukimbilia maua, na majani yake yanakuwa magumu.

Kuhusu mbegu za kwenye karatasi, hapa lazima tuseme wazi. Tangu tarehe 14 Desemba 2019, mbegu za kupanda na mimea inayoingia Umoja wa Ulaya kwenye mizigo ya abiria sharti iwe na cheti cha afya ya mimea cha nchi inakotoka. Matunda matano tu ndiyo yamesamehewa: nanasi, nazi, ndizi, tende na dorian. Mbegu bila cheti zitachukuliwa na forodha. Nunua mbegu za amaranti, yaani mchicha, huku huku, kisha acha mashina mawili yaliyostawi yazae mbegu.

SWALI: Chama kimeniandikia barua kwamba bustani yangu ni nyasi tupu na nimevunja mkataba. Mimi nakodi na ninalipa. Wana haki?
*Baba, Berlin*

JIBU: Wana haki, ndugu. Sheria ya bustani hizi, Bundeskleingartengesetz ya mwaka 1983, inazilinda zikodishwe kwa bei nafuu kwa sharti kwamba zilimwe. Mwaka 2004 mahakama kuu ya shirikisho ilieleza kiasi: angalau theluthi moja iwe mboga na matunda kwa matumizi ya nyumbani. Bustani ya mita za mraba 300 inadaiwa 100. Sheria hiyo hiyo inasema kibanda kisizidi mita za mraba 24 pamoja na baraza yenye paa, na kisiwe cha kuishi.

Usichimbe nyasi zote, utaumiza mgongo bure. Vuli hii tandaza maboksi ya karatasi yasiyo na gundi wala rangi ya kung'aa, kingo zipandiane kwa sentimita 20, yaloweshe, na umwage juu yake mboji ya unene wa sentimita 10 hadi 15. Mei toboa matundu upande maboga, kila shina mita za mraba 2. Viazi visubiri kwanza. Ardhi iliyokuwa nyasi huwa na viwavi vyembamba vya manjano, vigumu kama waya, ambavyo hutoboa viazi mashimo. Miti ya matunda nayo inahesabiwa kwenye ile theluthi. Mwandikie mwenyekiti ukimwonyesha mchoro wa matuta na tarehe. Atakuheshimu zaidi kuliko ukibishana.

SWALI: Nimwagilie kila siku?
*Msomaji, Köln*

JIBU: Hapana. Maji kidogo ya kila siku yanafundisha mizizi kukaa juu. Mwaga lita 10 hadi 15 kwa mita ya mraba, mara mbili kwa wiki, asubuhi. Mara moja kama kulikuwa na mvua. Tia kidole udongoni: kama ncha yake inatoka na unyevu, subiri. Na kabla baridi ya Novemba haijaanza, funga maji kwenye valvu kuu, kisha acha bomba la bustani wazi. Maji yanayobaki ndani yakiganda yanatanuka na kupasua bomba, na hutajua hadi siku utakapoyafungulia Machi.