Uyoga wa mamama: kagua miguu yake kabla hujaongeza maji

Kila wiki kuna mtu ananiuliza inboksi kuhusu kulima uyoga wa mamama (oyster kwa Kiingereza), swali la kwanza mtaji, la pili faida. Hewa hakuna anayeuliza, wakati kwenye banda langu huku Morogoro hewa ndo inayonisumbua kuliko hata mbegu.

Iko hivi, uyoga siyo mmea. Hauna ule ukijani wa kujipikia chakula kwa jua, unakula mabua uliyoupa, na ukila unavuta oksijeni unatoa hewa ukaa kama mimi na wewe. Sasa jaza chumba mifuko ya mabua uliyopanda uyoga, ziba madirisha eti unatunza unyevu, hewa ukaa inajaa humo na uyoga unaanza kujinyoosha kutafuta pa kutokea, miguu mirefu myembamba, kofia ndogo kama kifungo cha shati. Mtu akiona hivyo anasema umekosa maji, anamwaga ndoo nyingine. Sio maji bana, fungua dirisha! Weka wavu tu vile vinzi vidogo visiingie kutaga. Ukosefu wa unyevu una dalili zake, kingo za kofia zinakauka na kupasuka, hapo ndo umwagie sakafu na upulizie ukutani, usiupige uyoga wenyewe maji ya moja kwa moja maana unalowa unageuka njano na kuoza.

Mimi natumia majani makavu ya mpunga kwa sababu huku yapo kibao. Nayakatakata, nayaloweka usiku mzima, asubuhi nachemsha kwenye pipa masaa kadhaa kupunguza wadudu na vimelea vingine. Yakishachuja kamata konzi moja ukamue kwa nguvu, yakidondosha tone mbili tatu tu hapo safi, yakitiririka bado sana. Na yapoe kabisa, ukipanda yakiwa ya moto umeua mbegu. Mbegu yenyewe (hizi zinazooteshwa kwenye punje za mtama au ngano) iwe nyeupe yote na inukie vizuri, ukiona kijani au inanuka uchachu usichukue hata wakikupunguzia bei.

Baada ya kupanda mifuko inakaa gizani kama wiki tatu hivi mpaka utando mweupe utambae kote, ule utando ndo kiumbe chenyewe, hicho tunachokula ni tunda lake tu. Mfuko ukitoa doa la kijani huyo ni kuvu mwingine anagombea chakula, utoe nje taratibu bila kuutikisa, upeleke mbali.

Kuvuna, wahi kabla kingo hazijajipinda kwenda juu. Ukichelewa uyoga unamwaga unga mweupe, ndo mbegu zake za asili hizo, na ukiuvuta kila siku utakohoa mpaka ukome, kwa hiyo barakoa muhimu. Shika shada zima uzungushe ling'oke, visiki visibaki, vinaoza na kuita inzi.

Soko litafute mifuko ikiwa bado gizani, mamama mbichi haisubiri mteja. Ukibaki, anika juani mikunjo ya chini ya kofia ikiangalia juu, unakauka haraka na jua linauongezea vitamini D, halafu funga kwenye chombo kisichopitisha hewa ukishavunjika kwa mkono kama krispi.