Mtu Baki Chumbani mwa Mama

Wiki iliyopita dada mmoja wa Malindi aliniandikia. Baba yake amepata kiharusi, ametoka hospitali, na ndugu wamekaa kikao wakaamua kwamba yeye ndiye atakayemuuguza kwa kuwa hajaolewa. Swali lake: "Nikitafuta mtu wa kunisaidia kwa malipo, si nitaonekana nimemtupa mzee?"

Utaonekana, dada yangu. Mimi nilisemwa kuanzia mtaa wa Mkomani hadi mtaa wa Langoni, na huu mji wetu wa Lamu mnaujua, neno likisemwa baada ya alasiri, magharibi limeshafika gatini. Khalati yangu mmoja, dada yake mama, alikaa kwenye daka la nyumba yetu, pale barazani mlangoni, akasema majirani wasikie: "Mwana wa kumzaa yupo hai, na mama anakoshwa na mtu baki." Maneno hayo hayajanitoka moyoni, na khalati ajue hivyo, maana ninapoandika husoma.

Mama alianguka alfajiri akitia udhu. Mdomo ulipinda, mkono wa kulia ukawa haunyanyuki, na akisema hatumwelewi. Ami, ndugu wa baba, akasema ni upepo mbaya, aitwe mtu wa kumsomea. Kaka yangu, Mungu amlipe, hakungoja mjadala uishe. Nyumba yetu ni ya ghorofa, ya mawe, ngazi zake ni za wima na nyembamba. Vijana wa mtaani walimkalisha mama kwenye kiti cha plastiki, wakamfunga kwa leso mbili asiteleze, wakamshusha kinyumenyume hadi chini na kumpeleka hospitali ya King Fahd. Ya hospitali nayaruka. Aliyewahi kuuguza anayajua, na asiyewahi hatayaelewa kwa kusoma.

Kazi ilianza tuliporudi nyumbani. Mama alilazwa kwenye mwakisu wake wa tangu arusi, kitanda kizuri cha kutazama, lakini kamba zimelegea katikati. Ukimgeuza ubavu, dakika chache baadaye amerudi mwenyewe kwenye lile bonde na analala chali. Mimi ni mwalimu. Kengele ya mapumziko ikilia nilikuwa natoka mbio nikamgeuze, nimpe uji, nirudi darasani nikiwa na jasho. Wake za kaka zangu walipanga zamu. Zamu za wiki ya kwanza zilikuwa na watu wa kuzidi, wengine wameleta na halwa. Baadaye kila mmoja akapata mtoto wa kuumwa. Ngozi ya mama ikaanza kuwa nyekundu juu kidogo ya makalio, kisha ikachanika.

Nilipoona kile kidonda nilisema basi. Wakala mmoja wa Mombasa alipokea pesa ya kujiandikisha, akatuletea binti aliyeambiwa anakuja kupika na kufua. Masikini, alipouona mpira wa mkojo alilia. Kesho yake asubuhi alipanda boti ya kwanza kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, na pesa yangu mpaka leo iko Mombasa.

Wa pili tulielekezwa na nesi. Alitoka Mpeketoni, amesomea kutunza wagonjwa, na kabla ya hapo alimuuguza bibi yake mwenyewe mpaka mwisho. Alipofika hakuuliza mshahara kwanza. Aliuliza: kidonda kiko wapi, mama alipata choo lini mara ya mwisho, na alikuwa akila kwa mkono gani. Lile swali la choo ndilo lililompa kazi.

Siku ile ile mwakisu uliondoka chumbani. Tulitafuta kitanda cha mbao cha tambarare, chenye kimo cha magoti, na godoro gumu. Mama akawa anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, mto mmoja katikati ya magoti, mwingine chini ya ndama za miguu ili visigino vining'inie visiguse godoro. Dera lilivishwa kwa kanuni: mkono mgonjwa unaingia kwanza, na wakati wa kuvua unatoka mwisho. Wengi huanza na mkono mzima kwa sababu ndio mwepesi, halafu wanauvuta ule uliopooza, na bega la mwenye kiharusi ukilivuta linaweza kuteguka. Kumhamisha kwenda kitini, kiti kinawekwa upande wake wenye nguvu. Mambo haya hayahitaji mashine, yanahitaji mtu aliyefundishwa na ambaye hana haraka ya kwenda kwingine.

Watu wakapata la kusema: Mkristo, wa bara, atajuaje ibada ya mama? Sikilizeni. Adhana ya adhuhuri ikilia yule binti alikuwa ameshaleta beseni na birika. Mama, ambaye maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida, alimfundisha mpangilio wa udhu kwa kidole: viganja, mdomo, pua, uso. Siku binti aliporuka kutoka mikono kwenda miguuni, mama alimpiga kofi dogo la mkono na kusema "Kichwa!" waziwazi. Lilikuwa neno la kwanza tulilolielewa sote. Nilicheka mpaka nikalia, na wale waliokuwa wakihofia dini ya mama hawakuwepo kusikia, walikuwa makwao.

Ami naye alikuja na kombe, aya za Qurani zilizoandikwa vizuri kwa zafarani na marashi kisha zikaoshwa kwa maji ya kunywa, kikombe kizima. Mimi sina tatizo na kombe, nimelinywa tangu utoto. Lakini mama alikuwa akipaliwa na maji, na kitu chepesi kikiingia njia ya hewa kinaweza kuleta homa ya mapafu. Binti hakubishana na mzee. Alimwinua mama akae wima, kidevu kikaelekea kifuani kidogo, akamnywesha kwa kijiko cha chai, kijiko baada ya kijiko, akingoja ameze. Kisha akamwacha ameketi vile vile nusu saa. Ami aliondoka ameridhika, tena tangu siku hiyo akija anabisha hodi kwa jina la yule binti.

Kidonda kilifunga. Mama leo anashuka kitandani kwa kushikwa, na anakula mwenyewe. Kula kwa mkono wa kushoto kulimtia aibu kupita maradhi yenyewe. Alikataa chakula mbele ya wageni. Dawa ikawa kijiko, na ule mkono wa kulia kuwekwa mezani kando ya sahani, uonekane umo kazini. Naandika haya kwa kujivuna na siombi radhi.

Sasa ndugu zangu, hasa nyinyi mabinti mnaoambiwa pepo iko chini ya nyayo za mama kisha mnaachiwa nyayo hizo peke yenu. Radhi ya mzazi haipimwi kwa mgongo wako kuvunjika. Mzazi aliyelala kwenye mkojo wake akimngoja mwana wa kumzaa atoke kazini, heshima gani hiyo? Na nyinyi kaka zetu mnaopiga simu kutoka Muscat kuuliza "mama amekula?", swali la pili liwe "nitume ngapi?"

Mkishaamua, semeni kazi ni ipi. Mtunza mgonjwa si yaya wala mpishi wa ukoo. Kwangu shemeji mmoja alishaanza kumletea nguo za watoto wake afue "akipata nafasi". Nilizirudisha na karai lake. Andikeni. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na mfanyakazi apate walau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Huyu wetu hupumzika Jumapili aende kanisani, na Jumapili mama ni wangu. Kuna pia makato ya SHA, ile bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya mshahara, na ya NSSF, mfuko wa pensheni. Msiseme ni mtu wa nyumbani tu.

Pia msimfanye nesi. Kubadilisha mpira wa mkojo au kusafisha kidonda kilichochimba ndani ni kazi ya muuguzi aliyesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Kupima presha, waulizeni wale wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita mitaani. Tangu 2023 wamegawiwa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari, na hawapaswi kuwatoza kitu. Presha ni ya kufuatwa kweli, kwa sababu kiharusi kikishapiga kinaweza kurudi. Khalati akileta ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na achari, pokeeni, shukuruni, kisha kuleni nyinyi, maana chumvi hiyo si ya mwenye presha.

Wewe dada wa Malindi, baba yako mtafutie mwanamume. Wapo. Mzee aliyeficha mwili wake maisha yake yote usimvulie kanzu mbele ya msichana kisha ushangae amekuwa mkali. Muulize mwenyewe kwanza, hata kama anajibu kwa kichwa tu. Mtu huyo akija, kaa naye siku za mwanzo umtazame anavyogeuza na anavyolisha, na mwambie kwamba mzee yupo na anasikia, asizungumze juu yake kama hayupo.

La pesa, lipangeni kabla mhudumu hajaingia mlangoni. Sisi kaka wa Muscat analipa nusu, mimi na kaka wa hapa tunagawana iliyobaki. Ndugu wa mbali huchelewa kutuma. Kwa hiyo mwambie mhudumu mshahara ni tarehe 5, waambie ndugu zako mwisho wa kutuma ni tarehe 25 ya mwezi unaotangulia, na asiyetuma umtaje kwenye kundi la WhatsApp la familia. Khalati yumo humo.